Shimo la Maji Safi

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, mfyatua matofali aliinama kwenye shimo lake la maji. Aliondoa majani, vijiti na ukoga. Aliamini kwamba maji machafu hupasua matofali. Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, juani. Maji yake yaling'aa mpaka ungeweza kujitazama humo ukachana nywele.

Siku hiyo aliinuka, akatazama kwa jirani yake, dobi. Maji ya sabuni yalikuwa yametuama mtaroni, meusi na yananuka.

"Yule mama anatuua," alimwambia mkewe alipoingia ndani. "Kitinda ana malaria mara ya tatu tangu mvua zianze. Unadhani mbu wanatoka wapi?"

"Halafu anajifanya kutupa pole," mkewe alisema. "Jana kaleta supu. Nimeimwaga."

Kitinda, binti yao wa mwisho, alikuwa amelala ndani ya chandarua. Alikuwa amepimwa na anameza dawa, lakini amekonda na hataki kucheza. Baba yake aliogopa kumpoteza. Mtu mwenye hofu hutafuta wa kumlaumu, naye alikuwa ameshampata. Alikwenda moja kwa moja kumshtaki dobi kwa mhudumu wa afya.

Mhudumu alikuja na mabakuli mawili meupe, upawa na kopo la dawa. Alichota kwanza mtaroni.

"Ona viluwiluwi hawa," alisema. "Wananing'inia vichwa chini. Kwa kawaida hawa si wa mbu wa malaria. Ila wanaweza kuleta matende, kwa hiyo mtaro huu uzibuliwe."

"Si nilisema!"

"Ngoja, kaka." Mhudumu akaelekea shimoni.

"Huko unafuata nini? Hayo ni maji safi. Au mmeshapanga na dobi?"

Mhudumu aliinama shimoni. Alichota. Ndani ya bakuli, viluwiluwi wengine walilala bapa juu ya maji.

"Wanaolala hivi ndio wa mbu wa malaria. Mara nyingi wanapenda maji safi yaliyotulia, yenye jua. Umewatandikia kitanda."

"Umewatia wewe!"

"Haya, chota mwenyewe."

Alichota mara tatu. Mara zote walikuwemo, wamelala bapa. Alimkumbuka Kitinda, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Sasa tuache kazi?" mkewe aliuliza.

"Hapana, dada. Mashimo ya zamani yafukieni. Hili likausheni kabisa mara moja kila wiki. Kiluwiluwi anahitaji wiki moja au zaidi kidogo kuwa mbu. Mkilikausha mapema, haruki. Msimwage oili chafu ya magari kuwaua, itaharibu maji na udongo. Mvua zikizidi na shimo lisikauke, nitakuja kuweka dawa hii ya viluwiluwi."

Mfyatua matofali aliitazama ile dawa kwa jicho la pembeni. "Onja kwanza wewe."

"Mimi nitaonja chai yenu," mhudumu alicheka. "Hii ni ya viluwiluwi."

Mfyatua matofali alifukia mashimo mawili ya zamani. Shimo la kazi alilikausha kila Jumamosi, na matofali hayakupasuka. Kitinda aliendelea kulala ndani ya chandarua. Miezi miwili ilipita bila homa. Sasa alikuwa anaruka kamba uani, akipiga kelele za kuudhi, na hakuna aliyemnyamazisha.

Ndipo mfyatua matofali alipobeba koleo lake, akaenda kwa dobi.

"Nimekuja kuzibua mtaro, dada. Na kuomba radhi. Nilikushuku bure. Nilisema unamuua mwanangu."

Dobi aliendelea kukamua shuka. "Nilisikia. Ukuta wetu mwembamba."

"Mbona hukunijibu?"

"Ningejibu nini? Wangu wawili nao waliumwa malaria, mvua zilezile." Alilitundika shuka kambani. "Sikuja kukuuliza shimo lako lina nini."

Mfyatua matofali alikunja suruali, akaingia mtaroni na kuanza kuchimba.