Kapteni Aliponyamaza

Jumamosi sokoni Tabora hakuna pa kuweka mguu. Wauza asali kutoka Sikonge wanapanga madumu yao mpaka barabarani, wa mitumba wanaita wateja kwa majina ya kubuni, na kila kibanda kina spika inayogombana na ya jirani. Katikati ya kelele hizo alipita Asmahani, fundi cherehani wa Gongoni, mtandio wa rangi ya ndimu kichwani, baibui limeachwa wazi mbele ili gauni la kitenge alilojishonea lionekane, na futi ya kupimia inaning'inia shingoni kwa kusahaulika. Mafundi wenzake walimsihi awaletee filamu ya kutazama wakiwa kazini, naye alishika flashi mkononi akielekea kwenye kibanda cha filamu.

Pale kibandani palikuwa pamejaa watu. Kwenye skrini ilikuwa ikichezwa "Mwezi wa Kutu", ile filamu ya anga za mbali iliyochorwa yote kwa kompyuta na kutolewa kwenye gemu la jina hilohilo. Juu ya sauti za Wazungu ilipanda sauti nene ya Dijei Radi. Tabora haitazami filamu ya ng'ambo mbichi. Lazima apatikane mtu wa kuitafsiri, na mtu huyo huwasemea wote peke yake, steringi na adui, wanawake na watoto, hata mitambo. Radi alikuwa bingwa wa mji mzima. Mlango ukifunguka, alikwambia mlango umefunguka.

Asmahani alisikiliza kidogo, akacheka kwa dharau. Akamgeukia mwanamume mrefu aliyesimama kando yake, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, skafu shingoni na jua lote lile, akamwambia kwamba mtafsiri huyu ni mwongo. Kapteni hakuwa binti wa mfalme. Alikuwa fundi mitambo, akaushika ukapteni baada ya wakubwa wote kukimbia.

"Umejuaje?" aliuliza yule mwanamume, sauti yake imekwaruzwa na mafua.

"Nimelicheza hilo gemu mpaka kidole gumba kikaota sugu. Kaka yangu aliweka mashine za gemu barazani kwetu kabla hajahamia Mwanza. Huyu Radi hajaligusa, anabuni tu."

"Labda hakuwa na wa kumwuliza."

"Angetafuta."

"Basi nimekwishampata," alisema, akatoa simu mfukoni. "Sehemu ya pili imeshaingia, nami ndiye nitakayeitafsiri. Nipe namba yako nisiseme uongo tena."

Mwenye kibanda alicheka mpaka akashika meza. Asmahani alitamani ardhi ipasuke immeze. Namba aliitoa, na baadaye alimweleza Shamimu, fundi mwenzake, kwamba aliitoa kwa aibu tu. Shamimu alitaka kujua aibu gani hiyo inayomfanya mtu arekebishe mtandio mara mbili akisimulia.

Jina halisi la Radi lilikuwa Adinani, mtu wa Isevya, fundi wa redio na simu anayetafsiri filamu saa za mapumziko. Mafua yalipomwisha, Asmahani aliisikia kwenye simu ile sauti inayotetemesha maadui wa anga zima ikimwuliza taratibu kama ameshakula. Adinani alipiga baada ya magharibi kuuliza mambo ya gemu. Kwa nini Kapteni anachechemea? Mashine yake ndogo inaitwaje? Asmahani alijibu yote kwa raha, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza habari za kitu kile anachokijua na kukipenda. Maswali yalipokwisha, simu hazikukoma.

"Niongelee kama adui," alimtania jioni moja.

"Asmahani," Adinani alinguruma, "sayari yako nimeizingira. Toka mwenyewe, mikono juu, sahani ya wali kichwani."

Alicheka mpaka shangazi yake Zamda, aliyemlea, akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Shangazi hakuwa mtu wa kuzuia heri. Adinani alipokuja kumsalimu na kuomba ruhusa ya kumpeleka Asmahani Kwihara, aliitika marahaba, akamtazama viatu, akakubali kwa sharti kwamba Shamimu aende nao. Shamimu alifika huko, akaiona tembe ya kale na milango yake ya nakshi, na tangu hapo simu yake haikupumzika kupiga picha. Wale wawili walibaki barazani na kikapu cha vitumbua.

Adinani alikuwa amekwama mwishoni mwa filamu, mahali ambapo Kiingereza kilimshinda. Rubani anaondoka na chombo pekee kilichobaki, anaahidi kurudi, na Kapteni anabaki mbele ya lango kubwa. Kwenye filamu analifunga. Asmahani alimweleza kwamba kwenye gemu ni mchezaji anayechagua, ulifunge au uliache wazi.

"Wewe ulichagua lipi?"

"Wazi. Kila mara."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo alipomwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Palikuwa na Mayala, kijana wa Nzega, aliyemchumbia akaenda Dar es Salaam na kuahidi kumwita. Kila treni ya Dar ilipoingia, Asmahani alikuwa stesheni.

"Nilikuwa nasema nimekuja kuchukua mzigo wa uzi," alisema. "Nilikuwa na uzi wa kushonea Tabora nzima. Hata shangazi hajui. Halafu siku moja treni ikapiga honi nami niko kwenye cherehani, na sikuinuka. Sikuogopa kuachwa, Adinani. Nilichoka kungoja."

Adinani alimkung'utia vumbi kwenye pindo la baibui, na ukimya ule ulimpendeza Asmahani kuliko maneno yoyote. Njiani kurudi alimwambia anataka kuwatuma wazee wake. Asmahani alimjibu amalize filamu kwanza, lakini alijibu huku anatabasamu, na Adinani alikwenda nyumbani akipiga mluzi.

Filamu ilitoka. Ukumbi wa video ulijaa mchana ule mpaka watu wakakalia kreti za soda, na Asmahani aliketi mbele, gauni jipya la buluu, mikono imepakwa hina, fahari imemjaa. Mambo yote yalikuwa sawa sasa. Kapteni alikuwa fundi mitambo, alichechemea kwa sababu yake, mashine yake ndogo iliitwa kwa jina lake. Kisha likaja lango. Chombo cha Rubani kikapaa, uso wa Kapteni ukajaza skrini, midomo yake ikacheza, na Radi akashusha sauti kuliko alivyowahi kuishusha.

"Sikuogopa kuachwa," alisema Kapteni. "Nilichoka kungoja."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mama mmoja alijifuta macho kwa kanga. Asmahani aliinuka na kutoka filamu haijaisha.

Kabla wiki haijakwisha maneno yale yalikuwa kila mahali. Wasichana walimwambia hivyo mpiga pasi akichelewesha nguo. Fikiri, dereva wa bajaji wa Gongoni, aliyaandika nyuma ya bajaji yake kwa rangi ya manjano. Asmahani alivuka barabara kila alipoiona. Mbaya zaidi, shangazi Zamda, akiwa anapepeta mchele, alisema bila kuinua kichwa, "Haya maneno ya Kapteni, mwanangu, mbona nikiyasikia nakuona wewe kule stesheni?"

Kumbe alijua miaka yote, na kwa huruma yake akanyamaza. Asmahani aliingia chumbani, akapiga simu.

"Adinani, pale Kwihara ulikuja na masikio au ulikuja na kinasa sauti?"

Adinani alielewa mara moja.

"Asma, jina lako sikulitaja."

"Jina langu kila mtu analo. Nilichokupa wewe sikuwahi kumpa mtu."

Adinani alijieleza. Alisema midomo ya Kapteni ilikuwa inacheza na kila alichomwekea kilisikika uongo, vitisho vilevile vya filamu zote alizotafsiri. Maneno ya Asmahani peke yake ndiyo yaliyomkaa. Alidhani anamheshimu.

"Najua yalimkaa," alisema Asmahani. "Lakini nguo ilikuwa yangu, na wewe umemvisha mtu mwingine sokoni. Wazee wako wakae kwanza."

Akakata simu. Akashona. Simu iliita, akaiacha iite, kisha ikaacha kuita naye akawa anaitazama kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Lakini utaishije na mume ambaye kila unalomnong'oneza, kesho yake linachezwa ukumbini?

Siku zikapita. Asubuhi moja Shamimu aliingia na manung'uniko. Dijei Radi amechanganyikiwa, alisema. Anazunguka kibanda kwa kibanda na flashi, anachukua ile nakala ya kwanza ya filamu na kuwapa nyingine bure, na hiyo nyingine imeharibika. Pale patamu penyewe, langoni, hasemi kitu. Ukumbini wamemzomea, wanasema Radi ameishiwa maneno. Mwenye ukumbi alipomwuliza, alijibu kwamba pale Kapteni hana la kuwaambia watu.

"Iweke," alisema Asmahani.

Cherehani zilisimama. Radi alisema na kusema, kama kawaida yake, mlango ukifunguka alisema umefunguka. Likaja lango. Chombo kikapaa, uso wa Kapteni ukajaza skrini, midomo yake ikacheza, na hapakuwa na sauti ya mtu, hata ya Mzungu ameizima. Ulisikika upepo wa ule mwezi wa kutu na injini inayokwenda mbali, mpaka lango likajifunga. Asmahani alilia mbele ya mafundi wenzake, na hakujali. Mdomo ndio kazi ya mtu yule, ndio jina lake mjini, naye ameufunga mbele ya watu wote kwa ajili yake.

Alinawa uso, akavaa lile gauni la buluu, akajifukiza udi, akatoka. Bajaji iliyokuwepo kijiweni ilikuwa moja tu, ya Fikiri. Asmahani aliisoma nyuma, akapanda. Fikiri aliendesha huku akimlalamikia Radi, kwamba amekuja kumwomba ayafute maneno, naye amekataa kwa kuwa yanamletea abiria.

"Yaache," alisema Asmahani. "Yalishapita."

Chumba cha kurekodia cha Adinani kilikuwa uani kwao, kuta zimefunikwa vipande vya godoro na trei za mayai, feni hakuna kwa sababu inapiga kelele. Asmahani alibisha hodi. Adinani alikurupuka na fulana yake iliyolowa jasho, akatafuta shati, akalivaa ndani nje.

"Watu wanasema umeharibu filamu," alisema Asmahani mlangoni.

"Wanasema kweli."

"Uliniuliza nilichagua nini. Hukuniuliza Kapteni anasema nini kwenye gemu ukilifunga lango, kama kaka yangu alivyokuwa akilifunga."

Adinani alimtazama. "Anasema nini?"

"Anaigeukia mashine yake, anaiambia, 'Haya, tushike kazi.' Basi."

Adinani alicheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Asmahani alivuta kiti, akakaa mbele ya maikrofoni, akatangaza kwamba safari hii atasema mwenyewe, kwani Kapteni ni mwanamke na amechoka kusemewa na mwenye masharubu. Taa nyekundu ikawaka. Kapteni akasimama langoni, chombo kikapaa, midomo ikacheza.

"Haya," alisema Asmahani, kwa sauti ileile anayowaanzishia nayo kazi mafundi wenzake asubuhi. "Tushike kazi."

Ikamkaa Kapteni sawasawa. Adinani alikuwa bado ameshika spika za masikioni, hasogei. Asmahani alinyoosha mkono akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikazimika.

"Imezimwa?"

"Imezimwa."

"Chomoa na waya."

Adinani alichomoa waya wa maikrofoni, akauweka sakafuni. Akachomoa na wa kompyuta, kwa usalama.

"Hili sasa ni la kwako peke yako," alisema Asmahani. "Wazee wako waje Ijumaa baada ya swala. Na wasichelewe, Adinani. Mimi na kungoja tulishaachana."

Dijei Radi, aliyewahi kuwasemea wafalme, majini na mitambo, aliitikia kwa kichwa tu, macho yamemlowa. Asmahani alimgeuzia kola ya shati lake lililovaliwa ndani nje, akajifunga mtandio vizuri, akatoka uani kwenda kumwambia shangazi aanze kuchambua mchele wa pilau.