Terminali Iliyojua Kufuta

Magharibi ilimkuta Kitambi akishuka ngazi za kituo cha pampu za maji, akihema kama aliyebeba kituo chenyewe mgongoni. Alikuwa amemfuata mdogo wake, mwendesha pampu. Mama ameshapakua chakula, na simu haipokelewi.

Chumba cha mitambo kilinuka nywele zilizoungua.

Mdogo wake alikuwa ameketi mbele ya terminali kuukuu ya kompyuta, yenye kioo cha kijani, mikono juu ya kibodi.

"We bwana, mama anakusubiri."

Hakugeuka.

Kitambi akaiona plagi ya terminali. Ilikuwa sakafuni, imejaa vumbi.

Na kioo kinawaka.

Alikuwa amezunguka nchi nyingi akitengeneza mashine, na kote utaratibu ni uleule: terminali ikiwashwa, programu ya kompyuta huiuliza, unaweza nini? Nayo hujieleza. Naweza kuonyesha rangi. Naweza kupiga kengele. Programu haikagui, huamini tu, kama mama mkwe wake alivyoamini siku ya posa kwamba Kitambi anaweza kulima.

Hii ilikuwa ikijieleza bila kuulizwa.

NAWEZA KUANDIKA.

NAWEZA KUFUTA.

NAWEZA KUFUTA ALIYEKETI HAPA.

Tik... Chini yake liliandikwa jina la mdogo wake; likapungua herufi moja. Kitambi akatazama kibodi. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto wa mdogo wake hakikuwepo. Hapakuwa na damu wala kovu.

"Kaka," mdogo wake akanong'ona, "usinivute. Ukinivuta inaongeza kasi."

Miguu ilimwambia Kitambi akimbie. Akaikatalia, kwa mwili ule angefika wapi? Akainama juu ya bega la ndugu yake, akaiandikia programu maelezo mapya, kama mafundi wafanyavyo terminali inapojitia ujuzi. Hii ni bubu. Haina rangi. Haifuti.

"Fundi humu ni mimi," akakiambia kioo. "Nikisema huwezi, huwezi."

Programu ikaamini.

Kioo kikazimika.

Nyumbani, Kitambi akajaribu kueleza habari ya kidole.

"Kidole gani?" mama akashangaa. "Mdogo wako si kazaliwa na vinne mkono huo?"

Kijiko kikamganda Kitambi mkononi.

"Na wewe, mwanangu," mama akamgeukia yule mdogo, "utaweza kula kweli, ulivyochoka hivyo?"

Mdogo wake akamtazama mama. Akamtazama sana.

"Naweza kuandika," akasema polepole. "Naweza kufu..."

"Huwezi," Kitambi akamkata, akimsogezea sahani. "Unaweza kula. Kula."

Akala.

Mpaka leo Kitambi huketi ubavuni mwake mezani. Akiuona mdomo ule unafunguka polepole, humwahi.