Nilipomsifu Sylvance Mbele ya Bendi

Jioni ya Jumapili nilipitia kwa fundi pale Umoja kuchukua gauni langu, kisha nikavuka barabara hadi klabu moja ya Donholm. Kibali ukutani kilisema ni mkahawa, si ukumbi wa dansi. Kisheria, basi, sote tulikuwa tunakula. Ni miguu tu iliyokaidi serikali.

Mume wangu Sylvance na dada yake Elsie walikuwa wamekaa karibu na bendi ya ohangla, muziki wa Kiluo. Nikamvuta Sylvance tucheze.

"Polepole, wifi!" Elsie akacheka. "Hicho kiuno ni cha kanisani. Adhiambo alipocheza, hata ukuta ulitoa jasho."

Adhiambo. Mke wa kwanza, marehemu. Chapati zake, kicheko chake, sasa kiuno chake. Mtu aliye hai unaweza kumtukana mkamalizana. Huyu je?

Bendi ilikuwa ikisimamishwa na watu wanaojisifu kwa maikrofoni, yale majigambo yaitwayo pakruok, kama kawaida. Nami nikainua mkono. Ngoma zikanyamaza. Nikashika maikrofoni.

"Mimi Nthambi, binti wa Mativo! Sylvance ni wangu! Adhiambo akibisha, aje amchukue!"

Hakuna aliyepiga makofi.

Elsie alinishika mkono.

"Umefanya nini?" akanong'ona. "Ukimtaja mtu kwenye pakruok, umempa nafasi ya kujibu."

"Si amekufa?"

"Ndiyo maana hatumtaji hapa!"

Harufu ikaja... udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi.

Maikrofoni nilikuwa nimeilaza juu ya spika. Hakuna aliyeishika.

"Mimi Adhiambo, nyar Ugenya, binti wa huko," ikasema, taratibu. "Nimesikia."

Ngoma zikaanza zenyewe.

Sylvance, aliyekuwa amerudi kukaa, akainuka. Akacheza macho yamefumbwa, mkono umezunguka kiuno nisichokiona, akitabasamu tabasamu ambalo hajawahi kunipa. Nikajitupa katikati yao.

Nikagonga bega. Baridi. Lenye unyevu.

Meneja alisema ni hitilafu ya umeme. Polisi walipokuja walitushtaki kwa kucheza ndani ya mkahawa.

Sylvance nilirudi naye nyumbani. Watu wa maombi wamekuja, wameenda. Anakula, anafanya kazi, ananiita mpenzi. Lakini kitandani hulala ukingoni kabisa, akiacha nafasi katikati. Jana nilimsogelea, nikamkumbatia kwa nguvu.

"Rudi upande wako, Nthambi," akanong'ona bila kufumbua macho. "Unamkandamiza."