Nafasi ya Andati Kando ya Jeneza

Zamani, ukitembelea watu Makongeni, hapa Nairobi, chai haikuja kwanza. Kwanza ilikuja albamu. Mwenye nyumba alikupakatisha lile jalada zito, nawe ukafunua kurasa polepole huku ukisema maneno yanayotakiwa: "Kumbe huyu amekua hivi!" "Na huu ubatizo ulikuwa wa nani?" Stovu inapochemsha maji, wewe umeshaujua ukoo mzima, walio hai na waliokufa. Ilikuwa heshima. Hakuna aliyefikiri kwamba kumwonyesha mgeni watu wako kunaweza kuwa na madhara.

Haya yalimpata jirani yangu Kageha mwaka wa 1999, na mimi Wabwire nilikuwa na mkono wangu ndani. Nasema hivyo mapema, usije ukadhani najitakasa.

Wakati huo nilikuwa na ofisi ndogo mtaa wa Fedha: kompyuta moja, skana moja na laini moja ya simu. Laini hiyo ndiyo iliyoniletea mtandao, na ndiyo watu waliyonipigia. Ukiwa mtandaoni, anayepiga anakuta laini iko bize. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga picha wa kutembeatembea. Wenye bucha wa Soko la Burma walikuwa wateja wangu wakubwa. Walipenda kupigwa wameinua paja la mbuzi kama timu iliyoshinda kombe. Kwa hiyo Mama Andati alipofariki mwezi wa Oktoba, hakuna aliyeuliza nani atabeba kamera.

Marehemu alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli na aliacha watoto wawili. Kageha alikuwa karani wa kansoli ya jiji, bado akiishi katika nyumba ya mamake, mlango unaopakana na wangu. Andati, kifungua mimba, rika langu, tuliyecheza naye mpira wa makaratasi tangu utotoni, alikuwa Minnesota, Marekani, mwaka wa sita. Hakuweza kuja kuzika. Makaratasi yake hayakuwa sawa; akitoka kule, hangeruhusiwa kurudi. Alipiga simu ofisini kwangu akalia hadi nikamwachia Kageha kipokezi nikatoka nje. Lakini nilisikia alichomwomba.

"Uniekee place yangu hapo kwa mathe. Upande wa kichwa. Mtu mwingine asisimame hapo, Kageha, please."

Tulimzika nyumbani kwao, Maragoli. Kama kawaida, kabla jeneza halijateremshwa kulikuwa na kipindi cha picha. Msimamizi wa shughuli aliita kundi baada ya kundi: wakwe, watu wa kanisa, majirani wa Nairobi. Zamu ya watoto na jamaa wa karibu ilipofika, Kageha aliwapanga mwenyewe kuzunguka jeneza, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wa kichwa.

Shangazi yao, tuliyemwita Senje kama wenyeji wanavyosema, alimsogelea akamnong'oneza. Nilikuwa hatua mbili tu kutoka hapo.

"Mwanangu, nafasi ya mtu aliye hai haiachwi wazi mbele ya jeneza."

"Ni ya Andati, Senje."

"Ndiyo maana nasema."

Kageha alikuwa na uchungu, hakutaka kusikia la mtu. Mimi nilikuwa na haraka, mvua inanyemelea, na mambo ya wazee nilikuwa nikiyacheka siku hizo. Nikainua kamera. "Msitikisike," nikasema, nikabonyeza.

Jumanne iliyofuata nilifungua ofisi kama siku nyingine yoyote. Kulikuwa na jukwaa moja mtandaoni la watu wa kwetu, upande wa Maragoli na jirani zake, walioko ng'ambo. Walibishana humo kuhusu siasa, wakatafutana, wakapeana pole. Ukitaka kuwaonyesha picha, ulizipakia kwanza kwenye albamu ya bure ya kampuni fulani ya huko Marekani, halafu ukaweka kiungo ndani ya ujumbe wako. Mtu akikibonyeza, albamu inafunguka. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ile ile albamu ya Makongeni, ila mgeni yuko mbali na chai hataipata.

Niliziskani picha kumi na mbili. Ile ya watoto wa marehemu niliitazama vizuri, nikaona nafasi iko wazi na nyuma yake migomba. Nikaweka kiungo jukwaani na maneno haya: "Ndugu zetu, haya ndiyo mazishi ya Mama Andati. Fungueni mtazame, muwe pamoja nasi." Nilijisikia mtu wa maana sana siku hiyo.

Siku ya tatu pole zilianza kuingia. Mmoja aliandika: "Pole Andati. Afadhali wewe uliwahi kufika." Mwingine: "Umekonda ndugu, lakini suti imekukaa." Andati mwenyewe akajibu hapo chini: "Mnaongea nini? Mimi niko Minnesota, sijatoka."

Nilidhani wamemfananisha. Nikafungua albamu.

Andati alikuwa amesimama kwenye nafasi yake.

Suti nyeusi, uso umeinama kidogo. Migomba haikuonekana tena. Nilivuta droo nikatoa ile picha ya karatasi, nikaiweka kando ya skrini. Kwenye karatasi, nafasi wazi. Kwenye skrini, Andati. Kisha nikaona mengine. Kwenye karatasi Senje alikuwa akitazama kamera. Kwenye skrini alikuwa amegeuza uso, akimtazama Andati. Na Kageha alikuwa amemshika mkono.

Chini ya albamu kulikuwa na tarakimu za kuonyesha imefunguliwa mara ngapi. Sitini na moja.

Nilimtumia Kageha ujumbe kazini, akaja mbio. Alifika mlangoni, akauona uso wangu, akasimama pale pale.

"Usinionyeshe," akasema.

Nikamweleza kwa mdomo. Alisikiliza huku ameupa mgongo ukuta, hakusogea karibu na ile skrini. Hajaitazama hadi leo.

Nilikata mtandao, na alasiri hiyo Andati akapiga. Saa tisa kwetu, kwao kunapambazuka.

"Wabwire, niaje. Ongea kwa nguvu, hii laini ni mbaya."

Laini haikuwa mbaya. Sauti yake ndiyo iliyokuwa mbali. Akaniambia kwamba jana kadi yake ya kazi ilikataa kufungua mlango, na mlinzi aliyemjua miaka minne akampita bila kugeuka.

"Kwa basi, mama mmoja amekuja akanikalia. Amenikalia, Wabwire. Na hakushtuka."

Nilimwambia apumzike, kwamba ni msiba unamsumbua. Nikaweka simu chini, nikarudi mtandaoni.

Nikaifuta picha. Nikafuta na ujumbe wangu, nikaenda zangu nyumbani nikidhani yamekwisha. Kesho yake picha ilikuwa imerudi, na si kwangu. Mtu wa Texas alikuwa ameihifadhi, akaiweka kwenye albamu yake, akatoa kiungo kipya. Mwingine alikipeleka kiungo hicho kwenye jukwaa la kanisa lao huko Uingereza. Niliwaandikia mmoja mmoja. Wengine waliiondoa. Wengine waliniuliza, mbona Andati anaona haya kuonekana akimzika mamake? Nikifuta moja, zinatokea tatu. Maji yalikuwa yameshamwagika, nami nilikuwa nimepiga magoti nikiyazoa kwa viganja.

Kila tarakimu zilipopanda, sauti ya Andati ilipungua. Jumamosi nilibana kipokezi sikioni hadi sikio likauma, nikaambulia neno moja moja. Kageha ndiye aliyeelewa kabla yangu.

"Baba Triza," akaninong'oneza, akiniita kwa jina la binti yangu kama majirani wote, kana kwamba ile kompyuta ingetusikia. "Kila anayemwona pale kwa jeneza, anamtoa kule aliko."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuwaombe wasifungue."

Niliandika mimi, kwa vidole hivi. "Tafadhali sana, kwa jina la Mungu. Msifungue ile picha ya watoto wa Mama Andati. Ina jambo lisilo la kawaida, na maisha ya mtu yako hatarini." Nikatuma.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na bado sikuwajua watu. Mkataze mtu kitu uone atakavyokikimbilia. Wale ambao hata hawakumjua Mama Andati waliifungua. Wakawaita wenzao. Wakakipachika kiungo kila mahali: "Hii ndiyo picha wanayosema tusifungue." Ijumaa, kabla ya onyo langu, tarakimu za albamu ya yule wa Texas zilikuwa mia mbili na kitu. Jumatatu adhuhuri zilikuwa zimepita elfu nne, na nilipokuwa nazitazama ziliongezeka tena.

"Kata mtandao," Kageha akasema. "Huenda anapiga."

Nikakata. Simu ikalia papo hapo.

Kageha akapokea. Nikasogeza sikio langu karibu na lake.

"Kageha." Ilikuwa pumzi tu.

"Niko hapa."

"Viatu vyangu vina matope."

"Uko wapi?"

"Sijui. Nilikuwa jikoni. Nasikia kwaya."

"Toka hapo, Andati. Toka!"

"Mathe amelala hapa karibu yangu."

"Toka, ndugu yangu. Tembea tu."

"Siwezi. Wabwire ameinua kamera. Anasema tusitikisike."

Nilimpokonya kipokezi. Nilipiga kelele hadi fundi viatu wa nje akachungulia. "Andati, ni mimi! Nimemaliza! Sogea! Nimeshamaliza, sogea!"

"Nimechoka kusimama," akasema. Hakuwa akiniambia mimi.

Halafu kukawa na mvua. Laini haikukatika, tulisikia mvua ikipiga turubai, na watu wengi wakipumua kwa utulivu, kama watu wanaopigwa picha. Tulisikiliza kwa dakika nzima. Kisha hakukuwa na chochote.

Nambari yake ya Marekani tulipoipiga ilipokelewa na mwanamke mwenye nyumba, aliyesema chumba hicho hakijawahi kupangishwa. Barua zilirudi. Ubalozini Kageha alijaza fomu, akaambiwa asubiri, akasubiri. Kule jukwaani hakuna aliyemuulizia tena. Kwa nini wamuulizie? Walimwona kwa macho yao amerudi nyumbani, amemzika mamake. Na hakuna aliyemwona akiondoka.

Krismasi Kageha alikwenda Maragoli. Kumbe mtu fulani huko ng'ambo alikuwa ameichapisha picha kwenye karatasi akamtumia Senje kwa posta. Senje alikuwa ameitundika sebuleni. Kageha alipoiona kwa mbali fremu yenyewe, aliinamisha kichwa.

"Senje, ulinikataza wewe mwenyewe. Niambie, Andati alikuja?"

"Si alikuja?" Senje akashangaa. "Nilimpa chai kwa mkono wangu. Aliacha nusu kikombe."

Kageha alirudi Nairobi siku hiyo hiyo. Makongeni nako majirani walikuwa wakimuuliza, wakiwa na nia njema, kwamba ndugu yake yuko wapi siku hizi, mbona tangu mazishi hawamwoni. Aliacha kuwajibu. Alikonda. Mke wangu alimpelekea chakula, naye alikipokea vizuri, akakirudisha vilevile.

Mwezi wa pili alikuja ofisini kwangu mchana, jua kali, watu wanapita mlangoni na mizigo yao. Mkononi alikuwa na daftari la waombolezaji, lile ambalo kila aliyefika mazishini huandika jina lake, anakotoka, na neno la pole. Aliketi mbele yangu akaliweka mapajani.

"Baba Triza, wewe ndiye ulikuwa nyuma ya kamera. Umebaki wewe tu. Sema hakuja."

Nilifungua mdomo nimwambie. Naapa nilitaka kumwambia. Lakini hakuna mtu aliyeitazama ile picha mara nyingi kuliko mimi. Nilipoitafuta siku ile kichwani mwangu, nafasi ilikuwa imeshajaa, na hata ile picha ya karatasi kwenye droo ilikuwa imejaa vivyo hivyo. Nilimkumbuka Andati akishuka kwenye gari. Nilikumbuka ubaridi wa mkono wake tulipoamkuana. Nilikumbuka nikimwambia asogee kidogo upande wa kichwa, ndipo nikainua kamera.

"Nilimpanga mimi," nikasema. "Kageha, nisamehe. Nilimpanga mimi mwenyewe."

Hakulia. Akafungua daftari.

"Nalisoma hili kila Jumapili," akasema. "Najua kila jina. La kwake halimo. Tazama mwenyewe."

Akaligeuza kuelekea kwangu, kidole chake kikiteremka kwenye ukurasa: mchungaji, mwalimu wa kwaya, mimi. Kati ya mwalimu wa kwaya na mimi kidole kikasimama. Pale hapakuwa na mstari mtupu siku ile; naujua ukurasa huo, niliandika mwenyewe chini ya jina la mwalimu. Sasa palikuwa na mwandiko tulioujua sote wawili. Jina: Andati. Anakotoka: Minnesota. Na mahali ambapo wengine tuliandika lala salama, yeye alikuwa ameandika: "Naomba niketi."

Kageha alipitisha kidole gumba juu ya maneno hayo, taratibu, kama anayempangusa mtu uso. Maneno yakavutika. Wino ulikuwa haujakauka.