Kidole Kwenye Kadi ya Joka

Alama ya kidole ilikuwa kwenye kioo cha kabati, ndogo, ya mtoto. Msusi aliisugua kwa pindo la gauni lake, akaipulizia pumzi, akasugua tena. Haikutoka. Ndipo alipoinama akaona kwamba ilikuwa upande wa ndani.

Na kabati hilo halikuwa la kuchezewa. Ufunguo wake mumewe aliuvaa shingoni, akaoga nao, akalala nao. Mumewe alikuwa dalali wa kadi. Si kadi za harusi, la, ni zile za mchezo wa watoto, zenye majoka na mashujaa wa mapanga, ambazo zamani watoto walibadilishana uwanjani na kuzitia mfukoni pamoja na peremende iliyolambwa nusu. Siku hizi matajiri wanazinunua zile adimu kama wengine wanavyonunua viwanja. Hawazichezi. Wanazipeleka kwa wapimaji, zinatazamwa kwa kioo cha kukuzia, zinapewa daraja, moja hadi kumi, zinafungiwa ndani ya plastiki ngumu, kisha zinawekwa gizani zingoje kupanda bei. Watu wazima na ndevu zao! Dalali alimtafutia tajiri kadi, na kadi akaitafutia tajiri, akaishi kwa kilichodondoka katikati.

"Baba Chiriku," msusi aliita, "nani kaingia kabatini mwako?"

"Aingie nani? Panya?"

"Panya ana kidole gumba?"

Mumewe alikuja, akatazama, akacheka kwa mdomo tu, macho hayakushiriki. "Chiriku huyo. Nilipofungua alipenyeza mkono."

Chiriku ni binti yao wa pekee, ndiyo kwanza ameanza shule, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukuwa na kituo. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na viatu. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, kimya, anatazama vidole vyake.

Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa saluni. Nyuma ya ukuta ndiyo ofisi ya dalali. Mchana, saluni imejaa, wateja wanasengenya kwa furaha, ikasikika kutoka ofisini sauti ya karata zikichangwa. Fyeku, fyeku, fyeku. Halafu kimya, kama mtu anagawa. Halafu tena, fyeku, fyeku.

"Shoga, mumeo kumbe mcheza kamari," alisema mteja aliyekuwa kitini. "Mwambie na sisi atugawie."

"Mume wangu katoka tangu asubuhi," msusi alisema.

Vicheko vikakatika. Kisha ikaja harufu: dawa ya homa ya watoto, ile tamu ya kijiko, imechanganyika na jasho la mgonjwa aliyelala siku nyingi. Mteja akainuka na kitambaa shingoni.

"Nitarudi kesho."

"Nusu kichwa hivyo?"

"Nusu kichwa kinatosha, mwenzangu. Ninachotaka ni kufika nacho nyumbani."

Wakatoka wote, wakapishana mlangoni kama mbuzi. Msusi akaufungua mlango wa ofisi. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni mbele ya kabati lililofungwa, amekunja miguu, mikono ikipokea kitu kisichoonekana.

"Unafanya nini, mama?"

"Tunacheza." Alinong'ona, yeye ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

"Wewe na nani?"

Mtoto akaelekeza kidevu kwenye mto wa kukalia uliokuwa mbele yake. Ulikuwa umebonyea katikati. "Nikishindwa ananifuta," alisema. "Na mimi nashindwa tu, mama. Sijui kucheza."

Msusi akamnyakua, na alipomshika mkono akahisi jambo ambalo vidole vyake, vilivyoshika vichwa vya watu maisha yake yote, vilijua si sawa kabla akili yake haijajua, akampeleka dirishani kwenye mwanga, akavitandaza vile vidole kimoja kimoja, na ncha zake zote zilikuwa laini kama chupa, bila mstari, bila mkunjo, na alipoinua macho aombe msaada kwa yeyote aliye juu akaiona picha ya Chiriku ukutani, ile ya siku ya kwanza ya shule, sare ipo, begi lipo, soksi zipo, na pale penye uso pameanza kuwa peupe kama nguo iliyosahauliwa juani.

Hakupiga kelele. Hasira ilimjaa mpaka pakawa hapana nafasi ya kelele.

Dalali aliporudi alimkuta mkewe amekaa mlangoni, mtoto mapajani.

"Umefuta nini?" aliuliza polepole.

"Nimefuta nini wapi?"

"Usinijibu kama unayezungumza na mteja wako. Huyu mtoto anasema anafutwa. Wewe umefuta nini?"

Dalali akataka kukasirika, akaona vidole vya binti yake, akakaa chini. Maneno yakamtoka kwa shida, kama mwiba. Kadi ya joka jekundu, ile aliyokuwa akijisifia wiki nzima kuwa imepata kumi, hakuipata mnadani. Aliipata kwa mama dobi.

Msusi alimjua mama dobi. Alikuwa mteja wake. Alikuja kusukwa kwa mara ya kwanza tangu azike mwanawe wa pekee, na kadi ile ameiweka kifuani kama hirizi. Alipoambiwa kwamba mume wa msusi anazijua kadi, aliuliza tu ni kadi ya nini, maana mwanawe alikuwa akilala nayo.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni karatasi ya watoto, haina kitu. Nikampa nauli."

"Nauli!"

"Punguza sauti, mke wangu. Ilikuwa na doa usoni, kidole cha mtoto, cha mafuta ya dawa. Doa kama lile wapimaji wanakupa nne, tano. Nikalipangusa kwa kitambaa laini, taratibu, kila jioni kidogo. Kila dalali anafanya hivyo."

"Mtoto wa mwenzio amekufa, ameacha kidole kimoja duniani, na wewe ukakifuta."

Ndani ya kabati kitu kikagonga kioo, taratibu, kama anayetaka kufunguliwa.

Walikwenda kwa mganga siku ileile. Alikuwa mtu wa chumba kimoja juu ya duka la dawa, mwenye mafua yasiyokwisha. Alimtazama Chiriku, akapenga kamasi, akamtazama dalali kwa muda mrefu zaidi.

"Mtoto aliyekufa amekwenda zake," alisema. "Msimsingizie. Huyu ni jini, mdogo, wa kitandani. Mtoto akiugua sana peke yake, wengine wanakuja kukaa naye. Walikuwa wakicheza. Mwenzake alipoondoka, akabaki ameshikilia ile alama. Wewe umeifuta. Sasa na yeye anakufutia cha kwako."

"Nifukize nini?" dalali aliuliza.

"Ufukize? Wewe ni wa kufukizwa, si nyumba." Mganga akapiga chafya. "Plastiki ivunjwe. Mkono wenye mafuta uguse palepale palipofutwa. Halafu kadi irudi ilikotoka, kwa miguu. Kabla mtoto hajasahauliwa jina."

Njiani dalali akaanza. "Tajiri anakuja kesho kuichukua. Tumekwisha kubaliana. Ikitoka kwenye plastiki imekufa, mke wangu. Ngoja niiuze, lile jini liende naye huko kwenye jumba lake. Ana walinzi."

"Limeishika kadi, au limemshika aliyeipangusa?"

"Kesho tu. Kesho tu, halafu tutamtibu huyu... huyu..." Akamtazama binti yake begani kwa mkewe. Midomo ikacheza. "Huyu mtoto."

Msusi alisimama katikati ya njia. "Mwite jina."

Dalali akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu.

Kesho yake tajiri alifika saa za mchana, na glavu nyeupe mfukoni, kama anakuja kupasua mtu. Dalali alikuwa ameshaitoa kadi, ameilaza juu ya kitambaa cheusi. Harufu ya dawa tamu ilijaa chumba mpaka ulimi ukawa unaionja, lakini tajiri alikuwa na macho tu. Alikuwa akiinama, anasema, "Kumi safi, kumi safi," msusi alipoingia na nyundo ya misumari.

"Mama, tunazungumza biashara hapa," tajiri alisema.

"Zungumzeni."

Akapiga. Plastiki ikalia kama mfupa. Dalali akamshika mkono. Msusi akampiga kikumbo kilichompeleka ukutani; mwanamke aliyesimama miaka kumi akisuka hana miguu ya kuchezewa.

"Hicho ni kitega uchumi!" tajiri alipiga ukelele. "Unajua unachofanya?"

"Kimemtega mwanangu. Kaa chini."

Dole gumba lake lilikuwa limelowa mafuta ya nywele. Akalikandamiza usoni kwa joka, kwa nguvu zote, kwa hasira ya mama dobi na yake mwenyewe, mpaka meza ikalia. Alipoliinua, wote watatu waliona. Dole lake lilikuwa pana, la mtu wa kazi. Alama iliyobaki kwenye kadi ilikuwa ndogo, ya mtoto.

Tajiri alitoka mbio, glavu zake akazisahau mezani. Na kutoka saluni ikaja sauti, kavu kwanza, kisha kwa mkupuo: "Mama, nina njaa, mama, nani kavunja kitu, mama, kwa nini yule baba anakimbia?"

"Chiriku," dalali alisema, akaanza kulia. "Chiriku wangu."

"Nyamaza," msusi alimwambia. "Sitaki kukusikia."

Alimwacha mtoto kwa jirani, si kwa baba yake, akaitia kadi kifuani na kwenda kwa miguu. Njia nzima gauni lake lilivutwa upande mmoja, kwa uzito wa mtoto anayechelewa nyuma. Hakugeuka. Uani kwa mama dobi mashuka yalikuwa yameanikwa, na mwenyewe yuko kwenye beseni, povu mpaka viwiko.

"Nimekuletea," msusi alisema. "Tulikukosea."

Mama dobi hakuitazama kadi. Alitazama chini, pembeni ya nyonga ya msusi, na uso wake ukakunjamana kwa ghadhabu.

"Ulikuwa wapi wewe?" alifoka. "Ingia ndani!"

Gauni likaachiwa.

"Mama," msusi alinong'ona, "huyo si mwanao."

"Najua si yeye. Unadhani sijui niliyemzaa?" Akakamua shuka, akalipiga hewani likalia. "Ndiye aliyenibakia. Na mwambie mumeo asije hapa kuomba msamaha. Mimi huenda ningempa. Huyu hatampa."