Iliyoita Mara Moja

Jumapili ile mashine ya mkonge ilikuwa imezimwa, lakini harufu ya makapi mabichi iliingia nyumbani kwa Katunge kana kwamba mtu amemwaga karai zima mlangoni. Katunge alikuwa akisonga sima. Alimgeukia mumewe, Muthoka, amuulize kama siku hizi watu wanachakata mkonge hata siku ya Bwana, na hapo sauti ya Mbuvi ikaita nje, ikilivuta jina mwishoni kama kawaida yake.

"Muthokaa."

Mara moja tu.

Kwenye laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa mkonge, kule kati ya Thika na Ruiru, Wakamba na Wakikuyu walibishana kwa mengi, lakini hili hawakubishania: binadamu huita mara mbili. Kinachoita mara moja, usikiitikie. Muthoka alilijua tangu utotoni. Ila Mbuvi alikuwa rafiki yake, na juma lile walikuwa wamegombana mbele ya watu, basi akadhani jamaa amekuja wapatane.

"Naja," akasema, akatoka bila kofia.

Walipompata alikuwa ndani ya mtaro wa makapi, shingo imekazwa kwa nyuzi za mkonge. Na mwanikaji wa nyuzi alikuwa nani? Mbuvi. Aliyegombana naye? Mbuvi. Aliyemwita? Hapo ndipo Katunge alipoitwa kortini Thika. Tangu mazishi alikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake ukafa ganzi, ila ganzi hii ilikuwa ya mwili mzima. Hakulia. Alipoulizwa ana hakika gani, alijibu, "Sauti ile naijua kama mlango wa nyumba yangu."

Mbuvi alisimama kizimbani akasema maneno yaliyowachekesha watu.

"Mimi sikuita mtu. Lakini kabla ya hapo kitu kiliniita kule mto Theta, kwa sauti ya marehemu mama. Kiliita mara moja na mimi nikaitika. Tangu siku hiyo sauti yangu inatembea bila mimi."

Jaji hakucheka. Alimhukumu kunyongwa.

Mke wa Mbuvi, Mbithe, alimngoja Katunge nje ya korti. Hakupiga kelele. "Mume wangu umemtia kitanzi kwa sikio lako, dada," alisema. "Ulimi hauna mfupa. Bado unaweza kuugeuza."

Katunge alimtazama. Hakumchukia, wala hakumhurumia. Alirudi laini, akampikia binti yake, Mbula, akala chakula kisicho na ladha hata baada ya kukiongezea chumvi.

Kisha jioni moja harufu ile ikarudi. Siku zile za Hali ya Hatari, jua likizama kila mtu yuko ndani, na nje hakukuwa hata na mbwa. Katunge alikuwa ameshika komeo la mlango.

"Katungee."

Ilikuwa sauti ya Mbuvi, na Mbuvi alikuwa amefungiwa Nairobi akingoja kamba. Katunge alimziba Mbula mdomo kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka kulipokucha. Ndipo alipojua kwamba alikuwa amemsingizia mtu asiye na hatia.

Asubuhi alikwenda kituo cha polisi. Sajini Barasa alimsikiliza, maana hakuwa mtu mbaya.

"Mama Mbula, wewe mwenyewe ulisema ni Mbuvi. Sasa unasema ni nani?"

"Sijui."

"Niende kwa Mzungu nimwambie sijui?" Barasa alishusha sauti. "Kama huyo mtu angeua tena na Mbuvi yuko ndani, hapo ningekuwa na neno. Hivi hivi, hapana."

Maneno hayo Katunge alirudi nayo nyumbani. Kama kitaua tena. Basi kimuue yeye, wamkute mtaroni, na Mbuvi atoke. Hakuona ajabu kuwaza hivyo. Mtu aliyekufa ganzi unaweza kumchoma asishtuke. Siku hiyo hiyo, harufu ilipoanza kupenya, alimchukua Mbula akampeleka kwa jirani yake Nyawira, mke wa Githinji.

"Nishikie kidogo."

"Kai, unaenda wapi na kafyu hii?" Nyawira alinong'ona.

"Mahali."

Akatoka, akafuata safu za mkonge zilizosimama pande zote mbili, na kadiri alivyokwenda ndivyo harufu ilivyozidi kuwa kali hadi akaisikia kooni, na majani yalisuguana ingawa hapakuwa na upepo, na nyuma yake kitu kilikuwa kikiburuta nyuzi zilizolowa, kikisimama akisimama, kikienda akienda, hata alipofika mtaroni na kusikia jina lake likivutwa nyuma ya kisogo chake kwa sauti ya mtu aliyewahi kula kwake mara nyingi, hakugeuka, alifumba macho, akaitika kwa nguvu ili asije akabadili nia.

"Naam. Mimi hapa."

Akangoja mikono shingoni. Haikuja. Kitu kilivuta pumzi karibu na mdomo wake, kama mtu anayeonja mchuzi, kisha harufu ikakatika. Katunge alibaki peke yake mtaroni, mzima. Alikasirika, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuhisi chochote tangu mazishi.

Mbuvi alinyongwa. Katunge aliijua habari hiyo alipomwona Mbithe akipita na mizigo yake, akirudi Ukambani, bila kugeuza uso.

Kisha Jumatatu moja mlango ukagongwa asubuhi. Alikuwa Sajini Barasa, na nyuma yake Nyawira, kitambaa cha kichwa mkononi, macho mekundu.

"Githinji ametolewa kwa mtaro saa hii," Barasa alisema. "Amenyongwa na nyuzi. Jana jioni mtu alimwita."

"Ni yeye," Nyawira alisema. Hakumtazama Katunge. "Nilikuwa hapo hapo ndani. Hiyo sauti naijua kama mlango wa nyumba yangu. Na siku ile aliniachia mtoto, akaenda huko huko kwa mkonge."

Katunge alifungua mdomo aseme kwamba sauti yake inatembea bila yeye. Akakumbuka jinsi watu walivyocheka kule Thika. Mbula alikuwa ameshika gauni lake, na Katunge aliogopa sasa.

"Nyawira," alisema taratibu. "Niliita mara ngapi?"

Nyawira alifikiri. Alitaka kusema kweli, kama Katunge alivyotaka siku yake.

"Mara moja."

Barasa alitoa pingu.

"Mara moja inatosha, mama," alisema. "Leta mikono."