Spika ya Katikati

Kiberiti alifunga saluni mapema siku hiyo ili awahi maduka ya spika kabla hayajafungwa. Jina hilo alipewa na wateja wake, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Mguse kidogo tu, anawaka. Miaka ishirini ya kusuka, mashoto, vidole vyepesi, mdomo hauna breki.

Na siku hizo alikuwa na haki ya kuwaka. Mumewe alikuwa amepofuka. Mtaa mzima ulimwita Dereva, kwa ajili ya malori aliyoendesha nusu ya maisha yake. Presha ya macho, daktari alisema, mngekuja mapema. Mapema lini, na mtu yuko barabarani wiki tatu kati ya nne? Tangu hapo Dereva hakuongea ila kwa shida, hakucheka, na chakula alikula kwa kubembelezwa. Alikuwa anakwisha huku amekaa kwenye kiti.

Kitu kimoja tu alichokuwa akikipenda kupita kiasi ni filamu. Kiberiti akajiambia, macho yamekwenda, masikio si yapo? Akatoa makorokoro yote kwenye chumba cha stoo, akabandika trei za mayai ukutani ili sauti isigonge na kurudi, akatandika magodoro mawili sakafuni. Kikabaki kitu kimoja, spika.

Hapo ndipo shemeji yake, mjuaji wa kila kitu duniani, alipomshauri anunue amplifaya na spika mbili za mbele kwanza. Akanunua. Zikapiga muziki vizuri sana. Lakini ukiweka filamu, watu wanaongea kama wamefunikwa blanketi. Dereva akasikiliza dakika tano, akaomba arudishwe kwenye kiti chake.

Basi siku hiyo akaingia duka la kwanza. Muuzaji akatazama pesa aliyoshika, akamshauri anunue redio. Kiberiti alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Duka la pili kulikuwa na fundi mwenye adabu, naye, aliposikia habari za mumewe, ndiye aliyemweleza. Spika za mbele ni za muziki. Za nyuma ni za mvua na risasi. Besi ni ya kutikisa kifua. Maneno ya watu yote yanatoka kwenye spika ya katikati.

"Kwa mtu asiyeona, dada, hiyo ndiyo filamu yenyewe. Ungeanza na hiyo."

Akamtajia bei. Pesa yake haikufika hata nusu. Kiberiti alitoka akimlaani shemeji yake kwa sauti, watu wakimpisha njia.

Giza lilikuwa linaanza kuingia. Mwisho wa safu ile ya maduka, mlango mmoja ulikuwa wazi, taa moja, spika kuukuu zimepangwa hadi darini. Ndani alikaa mtu aliyejifunga kitambaa puani, labda kwa ajili ya vumbi. Harufu ikamjia Kiberiti... mafuta ya nywele. Akadhani ni mikono yake mwenyewe.

Yule mtu hakuuliza ukubwa wala bei. Aliuliza msikilizaji ni nani, na anataka kusikia nini. Aliuliza kwa kunong'ona.

Kiberiti alikuwa amechoka na maswali ya wauza spika. "Ni mume wangu, haoni. Nataka sauti itakayomchekesha."

"Ya nani?"

"Ya yeyote. Sijali."

"Ya yeyote?"

"Nimeshasema!"

Mtu yule akamtazama mikono. Si uso, mikono. Kisha akavuta kutoka chini ya meza boksi jeusi, refu kama mkono wa mtu mzima, zito ajabu. Bei aliyoitaja ndiyo pesa aliyokuwa nayo Kiberiti, bila kuzidi wala kupungua. Akamwomba jambo moja tu, asilifungue.

Jioni ile ile Kiberiti alifunga waya, akaweka filamu. Dereva akainamisha kichwa. Baada ya robo saa akacheka.

Alicheka, jamani! Kicheko cha tumboni, cha mtu mzima. Kiberiti alilia kwa furaha, wala hakujali kwamba kwenye filamu, wakati ule, watu walikuwa wanazika.

Siku ya pili Dereva alimaliza sahani yake. Siku ya tatu akaomba kuongezewa. Siku ya nne, saa moja jioni, umeme ukakatika mtaa mzima. Kiberiti yuko jikoni anapapasa mshumaa. Akasikia mumewe anaongea stoo. Akasikia...

Akasikia anajibiwa.

"Bwana mkubwa... umekula?"

Mshumaa ulimponyoka. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Dereva bwana mkubwa. Mke wake wa kwanza. Marehemu.

Kiberiti alimjua vizuri mno. Alikuwa mteja wake miaka tisa, nywele za uzi, na uzi hakutaka mwingine ila wa zambarau. Alikuja saluni hadi alipougua, na alipougua Kiberiti akawa anamfuata nyumbani. Mwaka mmoja na nusu baada ya mazishi, Dereva alimwoa Kiberiti. Watu walisema yao, na Kiberiti aliwajibu mmoja mmoja.

Alimuuliza mumewe. Mumewe hakuficha. Alisema mke wake yule huja kila yeye anapokaa kimya, filamu iwepo isiwepo. Alisema hivyo kwa furaha, kama anayetoa habari za mgeni aliyefika salama.

Kuanzia hapo Kiberiti akaanza kufutika nyumbani mwake. Akiongea, Dereva anageuza shingo kuelekea stoo. Akimletea chai, anashukuru boksi. Na asubuhi moja, anamvalisha shati, Dereva akamuuliza kwa upole, "Fundi, umemaliza?" Ndivyo alivyokuwa akimwita enzi zile alipokuja kumsuka mkewe mgonjwa.

Fundi! Mwanamke anayemwosha, anayemkata kucha, aliyeuza cherehani yake ili atengeneze kile chumba! Na yule mwingine hafanyi lolote ila kunong'ona, ndiye anayechekewa. Hasira ilimpanda Kiberiti mpaka masikio yakaziba. Mchana, Dereva alipolala, alichukua bisibisi akafungua skrubu nne za mgongoni.

Humo ndani mafundi huweka pamba, ili sauti isipige kelele ndani ya boksi. Hapakuwa na pamba.

Palikuwa na nywele.

Zimeshindiliwa, misuko mizima mizima, imezungushiwa uzi wa zambarau. Na uzi ulikuwa umezungushwa kwenda kushoto. Kila msusi ana mkono wake, naye huutambua popote. Ule ulikuwa mkono wa Kiberiti.

Alikaa chini. Na hapa sitamtetea.

Pale saluni kuna sheria ambayo haijaandikwa popote, na kila mteja anaijua. Nywele zako unaondoka nazo. Zinafungwa kwenye mfuko, unapewa mkononi, unajua mwenyewe utakapozitupa. Mgonjwa yule, wiki zake za mwisho, hakuweza kukaa afumuliwe. Kiberiti alimkata misuko ile pamoja na uzi wake. Akaambiwa, kachome wewe, nakuamini. Akaitikia. Lakini kulikuwa na mtu aliyekuwa akipita mlango wa nyuma wa saluni, amejifunga kitambaa puani, ananunua magunia ya nywele, za kujazia mito, alivyosema. Kwa hela ya vocha, Kiberiti alizitumbukiza humo. Haikupita wiki tatu, mgonjwa akafa. Kama ni ugonjwa, kama ni nywele, nani ajuaye? Kiberiti alijiambia ni ugonjwa, na akajiambia hivyo miaka minne.

Alikimbia hadi lile duka. Mlango ulikuwa na kufuli lililoshika kutu. Fundi viatu wa jirani alisema kile chumba hakijapangishwa muda mrefu. Kiberiti alimtukana bure, akarudi nyumbani.

Akabeba misuko yote hadi uani, akaimwagia mafuta ya taa. Alikuwa na hasira na muuza spika, na marehemu, na mumewe, na zaidi ya wote na nafsi yake, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyomuuma kuliko zote. Akawasha njiti.

"Usichome."

Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Amefika peke yake, bila fimbo, bila kupapasa ukuta.

"Aliniambia utakuja kuzichoma," alisema taratibu. "Aliniambia pia alikuomba uzichome zamani, hukuzichoma."

"Alikuwa anaumwa tayari, mume wangu."

"Alisema utajibu hivyo."

Njiti iliungua hadi kwenye vidole. Kiberiti aliiachia, akaikanyaga.

"Choma basi," alisema Dereva. "Lakini nikirudi kwenye ule ukimya, sitakula tena. Sitakula mkononi mwako wala mwa mtu mwingine."

Naye Kiberiti alimwamini. Alikuwa amekwisha kumwona mume huyu akififia siku kwa siku, na hakuwa na nguvu ya kumtazama tena akififia. Akaziosha nywele kwa sabuni, akazianika, msuko mmoja mmoja, mchana wote uliobaki. Hakuacha kulaani. Jioni akazirudisha ndani ya boksi, akakaza skrubu nne.

Alikuwa jikoni anaosha vyombo aliposikia kicheko kimeanza upya. Halafu mnong'ono, mrefu.

"Fundi," Dereva aliita. "Anakuita. Anasema umemfumua vibaya. Uje umsuke."

Kiberiti alisimama na mikono imejaa povu. Alitaka kupiga kelele majirani waje. Alitaka kutoka mlango wa nyuma asirudi. Akafuta mikono, akachukua kitana na uzi, akaingia.

Mle stoo hakukuwa na taa. Dereva alikaa godoro la kulia, anatabasamu. Godoro la kushoto lilikuwa limebonyea katikati. Kiberiti akakaa nyuma ya pale palipobonyea, pale msusi anapokaa, akanyoosha mikono gizani.

Kichwa kilikuwa na joto.